Mpira wa mafuta kwanza, hewa baadaye: kurekebisha pikipiki ya kabureta kwa mikono yako

Karibu kila mwenye pikipiki ya zamani anayetaka kuiongezea nguvu huanza na eyaklina. Anataka kung'oa lile boksi la plastiki lililojificha chini ya kiti, afunge kichujio kidogo cha mviringo kwenye mdomo wa kabureta, kisha asikie injini ikivuta hewa kwa kishindo. Simlaumu, sauti ile ni tamu. Ila mimi swali langu la kwanza huwa jingine: mpira wako wa mafuta ulibadilishwa lini? Hapo ndipo watu huangalia juu.

Mimi ni mtu wa kabureta. Za injeksheni nawaachia wenye kompyuta. Ninayoyaeleza hapa ni ya pikipiki ya silinda moja, petroli ikishuka yenyewe kutoka tangini bila pampu. Mfano wangu utakuwa Honda CG125, ile ya fimbo za kusukumia valvu, ambayo muundo wake ulitoka 1976. Yako ikiwa nyingine, hesabu zitabadilika lakini kazi ni ileile.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokuzuia kufanya mambo kwa kubahatisha. Silinda ya CG ina sentimita za ujazo 124. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inavuta hewa mara 3,000, yaani mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kama silinda ingejaa kabisa kila mara, hiyo ni lita 370 hivi; kwa kuwa haijai, tuseme lita 300. Petroli ya kwenda na hewa hiyo ni kama mililita 40 tu, nusu ya kikombe kidogo cha kahawa. Kwa uzito, petroli huungua kikamilifu gramu moja kwa gramu 14.7 za hewa, na injini hutoa nguvu zake nyingi zaidi petroli ikizidi hapo kidogo, kwenye 12.5 hadi 13. Kwa hiyo hewa inahitaji njia pana na iliyotulia, na petroli inahitaji njia ndogo tu, ila isiyokatika hata sekunde moja. Ukikumbuka hilo, mengine yote utayaelewa.

Kabla ya kushika spana

Funga koki ya petroli iliyo chini ya tangi, chomoa waya hasi wa betri, subiri injini ipoe hadi uweze kushika mapezi ya silinda kwa kiganja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unatambaa sakafuni ukitafuta moto, na petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Fanyia kazi nje au milango ikiwa wazi, mbali na jiko, sigara na mashine ya kusagia chuma. Kizimamoto cha unga kiwe karibu. Maji usimwagie moto wa petroli, utausambaza.

Mpira wa mafuta

Vua tangi. Mpira wa zamani ukunje kwa vidole karibu na ncha zake, pale ulipobanwa na klipu. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au ukisikia umekauka na hauchezi, huo umekwisha, hata kama hauvuji leo. Petroli ya siku hizi mara nyingi huchanganywa etanoli, na mipira iliyotengenezwa miaka ya zamani haikuandaliwa kwa hiyo: inavimba, inalainika kwa ndani, na vipande vyake vidogo vyeusi vinakwenda kukaa kwenye jeti, yaani vile vipande vya kabureta vyenye tundu dogo la kupimia petroli. Ukifungua bakuli la kabureta ukakuta uchafu mweusi unaochafua kidole kama masizi, usilaumu tangi, laumu mpira.

Wa kununua ni mpira wa petroli wenye maandishi ubavuni. SAE J30 R6 na R7 ni za kabureta, zinatosha. R9 ni ya injeksheni, inavumilia zaidi, lakini ni ngumu na haipendi kona kali. Ule wa plastiki angavu unaopendwa kwa sababu unaona petroli ikipita, mimi siufungi: kwa joto la injini unageuka njano, unakuwa mgumu kama mrija wa kalamu, kisha unachomoka wenyewe. Na mpira wa silikoni wa kawaida, ule wa rangi nzuri, hauvumilii petroli hata kidogo, unavimba. Rangi isikudanganye.

Kipenyo cha ndani kwa pikipiki ndogo huwa milimita 5 hadi 6. Pima kibomba cha koki na cha kabureta kwanza. Mpira uingie kwa kusukumwa na kuzungushwa kidogo. Ukiingia wenyewe kwa ulaini ni mkubwa, na klipu haitakuokoa. Ukate kwa wembe, mkato ulionyooka. Mkasi unauminya na kuacha ncha ya mshazari.

Klipu za waya wa springi zinatosha kwa mpira mdogo, kwa sababu zinaufuata mpira unapovimba na kusinyaa. Zile za kukaza kwa bisibisi zenye mkanda uliotobolewa zina tabia ya kuutafuna mpira laini pale ambapo mkanda unapita kwenye matundu. Ukilazimika kuzitumia, chagua zenye mkanda laini usio na matundu, na ukaze hadi mpira ukatae kuzunguka, basi.

Sasa njia ya kuupitisha, na hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika. Kutoka koki hadi kabureta mpira uteremke moja kwa moja. Usipande hata kidogo njiani. Ukiacha mpira mrefu ukajikunja na kuinuka kabla ya kushuka tena, hewa itanasa kwenye ule mgongo, na presha uliyonayo ni ndogo mno kuisukuma. Petroli ikiwa juu ya kabureta kwa sentimita 30, presha yake ni kama asilimia mbili ya bar moja, na bar moja ni karibu presha ya hewa inayotuzunguka. Ndiyo maana pia usije ukafunga pampu ya umeme ya gari la injeksheni "ili mafuta yafike vizuri". Sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, imetengenezwa kwa presha hiyo ndogo. Pampu ya bar tatu itaisukuma ifunguke na petroli itamwagika juu ya injini ya moto.

Mpira usiguse mapezi ya silinda, usikaribie bomba la moshi, na usibanwe na tangi. Hili la mwisho lijaribu hivi: rudisha tangi, kaa juu ya pikipiki, kisha mtu achungulie kwa tochi. Nimeshaona mpira mzima kabisa ambao ulikuwa unabanwa tu dereva akikaa. Pikipiki inawaka vizuri ikiwa imesimama, inakata ukiondoka.

Chujio la njiani ni zuri kama tangi lina kutu, lakini kwa mfumo wa kushuka wenyewe chagua la wavu wa shaba au nailoni. La karatasi nene lililotengenezwa kwa ajili ya pampu linaweza kuipunguza petroli mno. Mshale uelekee kabureta. Ukiona chujio angavu limejaa nusu tu, tulia, mara nyingi ndivyo linavyokaa na kazi inafanyika. Na usisahau chujio la wavu lililo juu ya koki, ndani ya tangi: fungua koki yote, lisafishe, weka oringi mpya. Kama kutu ni nyingi, chujio zaidi halitasaidia, safisha tangi.

Kisha pima. Ingiza mwisho wa mpira kwenye chupa yenye alama za mililita, tangi likiwa na robo ya petroli, kifuniko kimefungwa kama unavyoendesha. Fungua koki kwa dakika moja. Kwa 125 mimi nataka angalau mililita 150, karibu mara nne ya tunayohitaji. Kama inaanza kwa nguvu halafu inadhoofika, fungua kifuniko cha tangi: ukisikia sauti ya hewa ikifyonzwa na mtiririko ukirudi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na pikipiki yako ilikuwa inazima kila baada ya kilomita kadhaa kwa sababu hiyo. Lizibue kwa pumzi na petroli safi.

Koki yako ikiwa ya kuvutwa na hewa ya injini, yenye alama ya PRI (inayopitisha petroli hata injini ikiwa imezimwa), pimia kwenye PRI. Angalia pia ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi, yaani njia kati ya kabureta na injini. Ukipasuka, injini inavuta hewa isiyostahili. Kiwambo ndani ya koki kikitoboka, mambo yanageuka: petroli inavutwa kupitia mpira huohuo hadi ndani ya silinda, na unaanza kushangaa kwa nini oili imeongezeka na inanuka petroli. Wengi huitoa koki hiyo wakaweka ya kawaida ya ON, OFF na RES (akiba). Nakubaliana nao, mradi tundu lililobaki kwenye manifoldi lizibwe kwa kifuniko cha mpira mzima, siyo kwa utepe.

Hewa ya wizi

Kabla ya kugusa eyaklina, hakikisha hewa yote inayoingia inapitia kabureta. Inayoingia pembeni, kati ya kabureta na kichwa cha silinda, naiita hewa ya wizi, kwa kuwa haikupimiwa petroli. Dalili zake: sailensi haitulii, yaani ukiachia resi injini inabaki juu kwa muda kabla ya kushuka, au inapiga milipuko midogo kwenye bomba la moshi ukifunga resi mteremkoni. Watu wengine hunyunyizia kisafishio cha kabureta kwenye maungio ili kutafuta mahali. Kinawaka, na injini iko moto. Mimi hutumia chupa ya kunyunyizia maji tu: ukinyunyiza penye ufa, mlio unabadilika papo hapo.

Kitu ambacho hakiangaliwi ni uso wa kabureta wenyewe, pale boliti mbili zinapoushikilia. Miaka ya kukazwa kwa nguvu huupinda: pembe mbili zinavutwa, katikati panabaki wazi. Weka kipande cha kioo mezani, juu yake msasa namba 400 wenye tone la oili, na usugue uso wa kabureta kwa mizunguko ya namba nane bila kuukandamiza. Baada ya kusugua kidogo geuza uangalie. Pembe zitang'aa na katikati patabaki na rangi ya kijivu. Endelea mpaka mng'ao uwe sawa pande zote. Ziba matundu yote kabla, osha yote baadaye. Kile kipande cheusi kigumu kilicho kati ya kabureta na kichwa usikitupe ukidhani kinapunguza nafasi: kinazuia joto la injini lisipande hadi kwenye petroli.

Usijaze silikoni ya bomba kwenye maungio haya. Petroli inaibandua, na vipande vinaingia ndani. Wala usitengeneze kiungio cha upande wa injini kwa mpira wa rejeta au tyubu ya baiskeli. Hiyo imeundwa kwa maji na upepo, petroli inailainisha, kisha manifoldi inajinywea ukivuta resi.

Boksi la hewa la kujitengenezea

Boksi la kiwandani likiwa zima, ushauri wangu ni ulibakize na ubadilishe sponji tu. Halikuwekwa kuziba injini. Linatuliza ile mivuto 50 kwa sekunde iwe mkondo mmoja, na jeti zilichaguliwa likiwa mahali pake. Kabureta za kiwambo, ambazo slaidi yake (kile kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa) inanyanyuliwa na hewa yenyewe, ndizo zinazoteseka zaidi likitolewa. Kichujio cha mviringo kikisogea tu kuziba vile vitundu vya mdomoni, slaidi inaanza kupandapanda hovyo. Kwenye kabureta ambayo slaidi inavutwa na waya wa resi kama ya CG unaweza kufanikiwa, lakini mvua na vumbi vitakufuata.

Likiwa limepasuka au limepotea, tengeneza. Mimi hutumia dumu dogo la plastiki lenye alama ya HDPE au namba 2 kwenye pembetatu chini yake. Ni plastiki ileile ya madumu ya petroli, kwa hiyo haidhuriki na matone yanayorudi kutoka kwenye kabureta. Epuka namba 6, petroli inaiyeyusha. Ujazo nalenga angalau mara 10 ya silinda, kwa hiyo kwa 124 dumu la lita moja na nusu au mbili linafaa kama chini ya kiti pana nafasi. Liwe mbali na bomba la moshi, maana plastiki hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi.

Toboa upande wa kabureta kwa ukubwa wa mpira wa asili, ule unaounganisha boksi na kabureta. Huo utafute hata kwenye pikipiki iliyokwisha kufa, kwa kuwa una mfereji unaonasa ukingo wa tundu bila gundi. Gundi hapa haisaidii. HDPE haishikani na gundi yoyote ya kawaida. Kingo zilainishe kwa tupa, kisha osha makombo yote.

Njia ya kuingilia hewa ni kipande cha bomba la PVC la milimita 32, urefu wa sentimita 10 hivi. Mdomo wa kabureta ya milimita 22 una eneo la milimita za mraba 380; tundu la ndani la bomba hilo lina zaidi ya 500, linatosha bila kuwa bakuli wazi. Ncha yake ya nje ipanue: ichovye sentimita tatu kwenye maji yanayochemka hadi ilainike, ichomoe kwa kitambaa kinene, uikandamize wima juu ya bega la chupa ya kioo, na uizungushe taratibu ikipoa. Utapata mdomo uliopinda kama wa tarumbeta, na hewa itaingia bila kukwaruzana na ukingo mkali. Uelekeze nyuma au chini, kamwe usiuelekeze mbele: upepo wa mbele unabadilisha presha ndani ya boksi kila unapopishana na lori, na mvua inaingia yote.

Ndani, kati ya bomba hilo na kabureta, weka sponji. Siyo ya godoro. Nyingi za godoro zinachakaa na kuvunjika unga, na unga huo unakwenda kwenye pistoni. Ijaribu kwa mdomo: pumzi ipite kwa urahisi, na ukiitazama kwenye mwanga uone matundu yaliyoungana. Iegemeze kwenye wavu wa chuma ili isinyonywe. Ipakae oili ya sponji, ikandekande, kamua mpaka isidondoke tena. Bila oili, vumbi laini linapita kama hakuna kitu. Ikichafuka, osha kwa maji na sabuni. Petroli inalegeza maungio yake.

Jambo moja la kukumbuka: mpira wa kupumulia wa injini kwa kawaida uliishia kwenye boksi la zamani. Uunganishe kwenye boksi jipya upande wa mbele ya kabureta, baada ya sponji, ama uupeleke kwenye kichupa cha kunasa oili chenye tundu. Usiuzibe, oili itatafuta sili ya kutokea. Usiuache pia ukielekea tairi la nyuma.

Kuirudisha petroli kwenye kipimo

Hewa ikiongezeka, petroli lazima ifuate. Njia rahisi ya kujua ni choki: ukiwa kwenye mwendo, resi imara, vuta choki kidogo. Injini ikichangamka, mchanganyiko ni mkavu, hewa imezidi. Ikizidi kulemaa, petroli inatosha au imepita kiasi.

Kila sehemu ya resi ina mwenyewe. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Kati ya robo na robo tatu ni sindano ya slaidi: kishikizo chake ukikishusha tundu moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Chini ya robo ni jeti ndogo na skrubu ya pembeni. Skrubu hiyo ikiwa upande wa eyaklina ni ya hewa, ukiilegeza unakausha. Ikiwa upande wa injini ni ya petroli, ukiilegeza unaongeza. Bandika utepe kwenye mkono wa resi na uchore robo robo, la sivyo utabishana na sehemu ambayo siyo.

Anza na jeti kubwa, ukipanda namba moja moja. Fanya badiliko moja, endesha injini ikiwa na joto kamili, andika, ndipo ufanye jingine. Namba za Keihin na Mikuni, watengenezaji wawili wa kabureta, hazilingani, usizichanganye. Jeti usiipanue kwa drili wala kuichokonoa kwa waya. Uzi wa nailoni au pumzi ya kompresa inatosha. Plagi nayo itakuambia, lakini petroli isiyo na risasi huacha rangi hafifu, kwa hiyo tazama chini kabisa ya kauri: nyeupe kama chaki na injini inapata moto kupita kawaida, ongeza petroli mara moja, maana ukavu ndio unaotoboa pistoni. Nyeusi ya masizi makavu, punguza. Na ukihamia kwenye miinuko, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, kwa hiyo jeti iliyokuwa sawa chini itakuwa kubwa kule juu.

Baada ya wiki ya kwanza vua tangi tena. Kaza klipu zilizolegea, pitisha kitambaa cheupe chini ya kila kiungio cha mafuta, angalia kama bomba la PVC limehama na kama sponji imekauka. Na ukiegesha usiku, funga koki. Sindano ya floti kwenye kabureta ya umri huo siiamini ikae peke yake na tangi zima juu yake.